Ule mkono wa mjomba wako

Mwanangu,

Voisi yako nimeisikiza mara mbili. Waniuliza mjomba wako aliposema mkono wa kushoto si wake, alikuwa akiamini kweli ama alikuwa akisema tu. Mimi ntakwambia alivyokuwa akihisi, hayo ya kuamini ayajua Mola.

Ile siku tuko ndani ya feri ya Likoni, wewe nimekupakata, huna hata mwaka. Injini yanguruma mpaka chuma chatetema chini ya miguu, mara akanambia, "Dada, hii injini iko ndani yangu, na huu mkono kuna mtu auendesha." Nkaanza kubishana naye, nkamwambia tazama ile kovu, si ulikatwa na mbuzi ya nazi nyumbani? Akasema kovu ni yake, mkono ndio si wake. Akaninyoshea, "Nishikie usende." Watu washatukodolea macho, na mimi nkauficha wangu ndani ya buibui. Mpaka leo nkipanda feri nasimama upande ule mwengine.

Si wewe mwenyewe ulonambia mtu hawezi kujitekenya, kwa sababu ubongo washajua mkono waja, waupunguza ule mguso kabla haujafika? Na kuna wagonjwa wa skizofrenia, yale maradhi ya akili, hao waonao kama waendeshwa, wakijigusa wenyewe ni kama wameguswa na mtu. Basi si ndio ninalosema siku zote, mwili ndio waanza, maneno yaja nyuma! Mkono ulimjia kama mgeni, naye akautafutia mwenyewe.

Ingawa, hata mimi nkilalia mkono naamka umekufa ganzi, naushika kama nyama ya buchani, na sisemi ni wa jirani, nangoja tu urudi. Yeye mbona hakungoja? Labda wangu warudi kwa dakika mbili na wake haukurudi miezi. Labda kuna chengine kilicholegea, sijui. Na yule mwanamke mgonjwa wa daktari Cotard, kule Ufaransa 1880, aliyesema hana ubongo wala matumbo mpaka akaona hana haja ya kula, njaa yake akiisikia wapi?

Bibi yako alisema ni jini, akamfukiza na kumsomea. Hospitali wakampa sindano, akawa alala tu. Nani alikuwa sawa silisemi, na ulimi waniwasha kweli. Ila bibi yako akimsomea alikuwa ameushika ule mkono.

Mamako