Milisho ya Usenet kwenye seva ya barua pepe: yapange haya kabla ya kuwasha INN

Tangu Google Groups iache kubadilishana jumbe na Usenet, mtandao wa makundi ya mijadala ambamo seva hupokezana jumbe, tarehe 22 Februari 2024, takataka zilizokuwa zikimiminika humo zimepungua sana. Kuendesha seva ndogo ya makundi ya maandishi kumekuwa kazi nyepesi kuliko zamani. Mwenye seva ya barua pepe tayari ana nusu ya mahitaji: mashine inayowaka saa zote, anwani ya IP isiyobadilika, jina la DNS linalosomeka mbele na nyuma, na Postfix inayotuma barua. Kilichobaki ni INN, programu ya seva ya Usenet. Hapa nazungumzia ile ya Debian, kifurushi cha inn2, ambacho mipangilio yake hukaa /etc/news.

Usianze na faili. Anza kwa kuamua nini hutakibeba. Makundi ya alt.binaries hubeba mafaili makubwa yaliyokatwakatwa, na hakuna seva ya kawaida ya barua itakayoyahimili. Wengi hudhani kuyakataa upande wao kunatosha, kumbe hakutoshi. Seva mbili zinapoongea kwa amri za CHECK na TAKETHIS, jirani yako, yaani seva mnayopeana nayo jumbe (huo ndio mlisho), anakuonyesha kitambulisho cha ujumbe tu, yaani Message-ID. Hakutajii kundi. Utajua kuwa ni wa alt.binaries ukishaupokea wote, na kwa hiyo hata ukiukataa, kifurushi chako cha intaneti kimeshaliwa. Kwa hiyo mwombe jirani achuje kwake, kisha wewe weka kinga ya pili kwenye incoming.conf:

peer jirani {
  hostname: "news.jirani.example"
  patterns: "*,@alt.binaries.*"
  max-connections: 5
}

Iangalie vizuri hiyo alama ya @. Ukiandika !alt.binaries.* unaiambia INN isilihesabu kundi hilo, basi. Ujumbe uliotumwa kwa pamoja alt.binaries na comp.misc utapita kwa sababu ya comp.misc. Ukiandika @, ujumbe wowote uliogusa kundi hilo unakataliwa wote. Hapa ndipo diski nyingi hujaa bila mwenyewe kuelewa uzito unatoka wapi. Punguza pia maxartsize kwenye inn.conf: kawaida yake ni baiti 1000000, na kwa maandishi matupu robo ya hapo ni nyingi.

Sasa majina, maana matatizo mengi ya mlisho mpya hutokea hapa. La kwanza ni pathhost, jina ambalo seva yako inaliandika kwenye kichwa cha Path cha kila ujumbe unaopita. Tumia jina kamili la DNS lililo chini ya himaya yako na usilibadilishe ovyo. La pili ni hostname ya incoming.conf, ambayo ni jina la mashine ya jirani inayokupigia. INN hulitafuta kwenye DNS wakati faili inaposomwa, siyo kila simu inapoingia. Jirani akihama anwani, jina likiwa lilelile, bado utamkataa mpaka upakie faili upya. La tatu ni jina la kumtenga ndani ya newsfeeds, faili inayosema jirani yupi atumiwe nini:

jirani/news.jirani.example:*,!junk,!local.*,@alt.binaries.*/!local:Tm:innfeed!

Neno la mwanzo kabisa, jirani, ni lebo tu, na lazima lifanane na lebo iliyo kwenye innfeed.conf, faili ya innfeed, programu inayowatumia majirani jumbe, ambako ip-name inasema pa kupiga simu. Kinachofuata baada ya mkwaju ni pathhost ya jirani, herufi kwa herufi kama anavyoiandika yeye kwenye Path. INN ikiliona jina hilo kwenye Path inajua ujumbe umeshapita kwake, haimrudishii. Ukilikosea, kila alichokupa utamtolea tena naye atakujibu 438, hakitaki. Hakiharibiki kitu, lakini mnapoteza muda wa mtandao pande zote mbili, na ripoti yake ya kila siku itamwonyesha jina lako. Usikisie. Fungua ujumbe mmoja aliokuletea uusome Path yake.

Ukimaliza kuhariri, endesha inncheck kwanza. Inakamata koloni zilizosahaulika na ruhusa mbovu za mafaili. Kisha, ukiwa mtumiaji news, pakia faili upya kwa ctlinnd, amri ya kuiongoza INN:

ctlinnd reload incoming.conf 'jirani mpya'
ctlinnd reload newsfeeds 'jirani mpya'

innfeed nayo inasoma faili yake ukiitumia ishara ya HUP. Halafu mwombe jirani apige telnet kwenye poti 119 akiwa kwenye mashine ileile itakayotuma, akusomee mstari wa kwanza. Ukisema "transit mode", mlango ni sahihi. Ukitaja "NNRP server", seva yako haijamtambua na imempeleka kwa nnrpd, mlango wa wasomaji, ambako hawezi kuleta mlisho. Sababu huwa ni anwani. Mara nyingi yeye anapiga kwa IPv6 wakati jina ulilonalo linatoa IPv4 pekee.

Saa ya mashine ni jambo dogo linaloua mlisho kimyakimya. INN inakataa ujumbe wenye tarehe iliyo mbele ya saa ya mashine kwa zaidi ya saa 24, na wenye umri unaozidi siku za artcutoff, ambazo kwa kawaida ni 10. Umeme ukikatika, betri ya ubao mkuu ikiwa imekufa, mashine ikawaka na tarehe ya miaka ya nyuma, basi kila ujumbe halali utaonekana umetoka siku zijazo na utatupwa. Wakati huohuo jirani ameshahesabu kuwa umejibiwa, hataurudia. Weka chrony, na hakikisha inasawazisha saa kabla ya INN kuwaka.

Siku hizohizo zinatawala expire.ctl, faili ya kufuta jumbe za zamani. Mstari wa /remember/ unasema kitambulisho kikumbukwe siku ngapi tangu ujumbe ufike, hata ukishafutwa. Artcutoff ikiwa 10, weka /remember/:11. Ukiweka 5 ili historia iwe ndogo, ujumbe wa siku ya saba uliokwishafutwa ukiletwa tena utapokelewa kama mpya, na wasomaji watauona mara mbili.

Kuhusu diski, tenga kizigeu cha /var/spool/news peke yake. Hili kwa seva ya barua halina mjadala: habari zikijaa kwenye kizigeu kimoja na /var/spool/postfix, barua za watu zinasimama. Ukitumia tradspool, moja ya njia za INN za kuhifadhi jumbe, kila ujumbe ni faili yake, kwa hiyo inodi (nafasi za kuorodhesha mafaili) huweza kuisha wakati df inaonyesha nafasi tele. Angalia df -i. Mimi napendelea njia nyingine, CNFS, kwa mlisho wa maandishi: unaumba faili moja ya ukubwa maalumu, ikijaa inaandika juu ya jumbe za zamani, haivuki mpaka. Faili ya GiB 4 inatengenezwa hivi:

dd if=/dev/zero of=/var/spool/news/bufa bs=32k count=131072
chown news:news /var/spool/news/bufa

Kwenye cycbuff.conf ukubwa unaandikwa kwa kilobaiti: cycbuff:BUFA:/var/spool/news/bufa:4194304, ukifuatiwa na metacycbuff:MAANDISHI:BUFA, na jina MAANDISHI ndilo linalotajwa kwenye options ya storage.conf. CNFS haifuati siku za expire.ctl, ila news.daily iendelee kukimbia kila usiku, maana orodha ya vichwa vya jumbe bado inahitaji kusafishwa. Umeme ukikatika ghafla na wasomaji wakaanza kuona namba zisizolingana, ctlinnd renumber '' kwa kawaida inatosha.

Sasa upande wa barua. Mtu akiandika kwenye kundi lenye mhariri, INN haiuchapishi ujumbe, inautuma kwa barua pepe. Mstari wa mwisho wa faili ya moderators, *:%s@moderators.isc.org, unageuza nukta za jina la kundi kuwa vistari na kuipeleka barua huko. Barua hiyo inatoka kwako ikiwa na From ya mwandishi, ambaye pengine ana kikoa chenye DMARC kali, kanuni ya kukataa barua zisizothibitika kuwa zimetoka kwenye kikoa hicho. Ikikataliwa njiani mwandishi hataambiwa kitu. Pitia foleni ya Postfix na marejesho yanayoingia kwa usenet na newsmaster, na uyaelekeze majina hayo kwa mtu anayesoma kweli.

Ukitaka kuingiza orodha ya barua kwenye kundi la ndani, tumia mailpost, programu ya INN inayogeuza barua kuwa jumbe za kundi, kupitia alias:

orodha: "|/usr/lib/news/bin/mailpost -b /var/tmp -d local local.orodha"

Ukiiweka kwenye /etc/aliases, Postfix itaiendesha kama nobody, kwa sababu faili ni ya root, na mailpost itagonga ruhusa. Tengeneza faili ya pili inayomilikiwa na news, iongeze kwenye alias_maps, kisha uiendeshee postalias. Kwa njia ya kurudi, habari kwenda barua, angalia kwamba programu ya orodha haibadilishi Message-ID. Ikiibadilisha, ujumbe utazunguka kati ya pande mbili bila kikomo, kwani historia ya INN inautambua kwa kitambulisho hicho pekee.

Majirani wawili au watatu wanakutosha. Waombe kwenye news.admin.peering, ukitaja pathhost, anwani zako za IPv4 na IPv6, makundi unayotaka, ukubwa wa juu wa ujumbe na barua ya mawasiliano. Usifungulie umma kuandika: readers.conf idai nenosiri, tena kwa TLS kwenye poti 563. Seva iliyo wazi hutumiwa na watuma takataka, na majirani wako watakukatia mlisho.

Kila asubuhi tazama /var/log/news/news. Alama ya + ni ujumbe uliopokelewa, ya - umekataliwa na sababu yake ipo mwishoni mwa mstari. Kukataliwa kwa jumbe mojamoja ni kawaida. Sababu moja ikijirudia kwa jirani mmoja, mwandikie siku hiyohiyo ukiambatisha mistari yenyewe. Foleni ya innfeed ikivimba kwa sababu yeye amezima, msitishe kwa ctlinnd drop jirani, na akirudi umrudishe kwa ctlinnd begin jirani.