Iezeke Mashua Yako Kabla Theluji Haijaanguka

Kila mwaka, wiki ya mwisho ya Oktoba, huitoa mashua yangu ziwani na kuiezeka. Nasema kuiezeka kwa makusudi. Nimeishi Minnesota, kaskazini mwa Marekani, kwa miaka tisa sasa, na katika miaka miwili ya kwanza niliifunika mashua kama mtu anayemfunika mtoto shuka, nikaingia hasara ambayo ningependa msomaji mwenye chombo kidogo katika nchi za baridi aiepuke.

Mashua yenyewe ni ya alumini, ina urefu wa futi 14 na mashine ya nje, nayo hulala juu ya trela nyuma ya nyumba hadi barafu ya ziwani itakapoyeyuka mwezi Aprili. Mwaka wa kwanza nilinunua turubai la plastiki la rangi ya buluu, nikalitandaza juu yake na kulikaza kwa kamba mpaka likawambika kama ngozi ya ngoma. Theluji ya kwanza ilitua juu yake, jua la siku mbili likaiyeyusha nusunusu, turubai likabonyea katikati, na tangu hapo kila kilichoanguka kilijikusanya katika bonde lile. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo kidimbwi chenye ukubwa wa meza ya kulia chakula na kina cha kiganja kinaweza kupita kilo 100 bila kumshtua mtu anayekitazama kwa dirishani. Mwezi Januari pete za pembeni zilichomoka, turubai likapasuka, na shehena yote ikaangukia ndani. Nilipofungua Aprili nilikuta plaiwudi ya sakafu imevimba na kuachana tabaka kwa tabaka, mfano wa kitabu kilicholowa.

Mwaka wa pili nilidhani dawa ni kuziba kila upenyo. Nililizungushia turubai kamba chini ya mashua, nikaziba omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya chombo, nikaridhika. Maji ya nje hayakuingia, lakini unyevu uliokuwa ndani haukupata pa kutokea: mchana jua liliupandisha kama mvuke, usiku ukaganda upande wa ndani wa turubai, kisha ukatona. Viti vilivaa kuvu nyeusi, na harufu yake haikutoka mwaka mzima.

Hapo ndipo nilipokumbuka makuti. Nyumbani Tanga, baba yangu alipoivuta mashua yake pwani kusi likikaza, aliisimamishia fito na kuitandikia makuti juu yake ili jua lisizipasue mbao, na mimi mtoto niliweza kuingiza mkono chini ya makuti yale na kuhisi upepo ukipita. Adui wa Tanga ni jua na wa Minnesota ni theluji, lakini ujenzi unaohitajika ni uleule, yaani paa lenye mteremko na lenye njia ya hewa.

Sasa natumia mbao moja ya inchi mbili kwa nne, ndefu kuipita mashua kidogo, iliyolazwa juu ya nguzo tatu kutoka omo hadi tezi, na kutoka kwenye mbao hiyo nateremsha mikanda ya nailoni kila nusu mita hadi kwenye kingo. Umbo linalopatikana ni la mgongo wa tembo. Usione haya kuinua mbao hiyo juu sana, kwa kuwa paa lililolala hulimbikiza theluji na paa lililosimama huiteremsha lenyewe. Kila pembe kali, hasa kona za kioo cha mbele na vishikio vya makasia, naifunga kipande cha zulia kuukuu, maana turubai lisiloelemewa na uzito huchanika zaidi pale linaposuguliwa. Mbele na nyuma naacha uwazi wa upana wa shibiri moja, ulioinama chini ili theluji isipeperushwe ndani.

Kufunga nako kuna hatari yake. Turubai linalopigwapigwa na upepo usiku kucha hukwangua rangi kama msasa, kwa hiyo nalivuta kwa madumu madogo yaliyojaa mchanga, yanayoning'inia pande zote na kulikaza hata linaporegea. Mwenye mashua iliyosimamishwa juu ya vigingi asithubutu kufunga kamba kwenye vigingi hivyo, kwani dhoruba ikilinyanyua turubai huvichomoa, na chombo huanguka.

Kabla ya hayo yote, toa kizibo cha tezi, inua omo ili kila tone lishuke, iache mashine ikiwa wima maji yatoke, na ondoa majaketi okozi na mito, ambavyo panya huvipenda kwa kuzalia. Funika siku kavu.

Baada ya kila theluji kubwa natoka na ufagio laini, nasukuma turubai kutoka chini kuelekea juu. Chepeo situmii kamwe, kwa kuwa plastiki iliyopigwa na baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri hukakamaa na huweza kukatika kwa urahisi. Aprili naliosha turubai kwa sabuni, nalianika kwenye uzio siku mbili, na silikunji mpaka mishono yake yote imekauka.