Land Rover ya babu inadondosha oili: ni giaboksi au injini?

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Kizota hapa Dodoma, tuna Land Rover 109 Series III ya petroli alituachia babu, tunabebea zabibu za Hombolo. Kama miezi mitatu hivi ilikuwa inadondosha oili pale katikati chini ya klachi, ukiipaki usiku asubuhi unakuta duara la oili kubwa kama kisosi. Fundi mmoja akalala chini akaona kuna kitundu, akakifunga na bolti akapaka na silikoni, kweli matone yakaisha. Sasa hizi wiki mbili nikipandisha na mzigo injini inapiga kelele gari haivuti na harufu ya kuungua inaingia ndani. Anasema tununue klachi mpya tushushe giaboksi tubadilishe sili zote. Hela yenyewe sina sa hivi. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, na mbukwa. Kabla hujatoa hata shilingi nenda kafungue hiyo bolti leo hii, weka kifuniko cha ndoo nyeupe chini ukinge kitakachotoka.

Nikueleze kwa nini. Katikati ya injini na giaboksi kuna chumba kinachotakiwa kiwe kikavu muda wote, humo ndo inakaa klachi. Mbele yake kuna sili (pete ya mpira ya kuzuia oili) ya nyuma ya krenki, ile shafti kuu ya injini, inayozuia oili ya injini, nyuma yake kuna sili ya shafti ya giaboksi inayozuia oili ya gia, na mojawapo ikichoka oili inamwagikia humo. Sasa hicho kitundu waliotengeneza gari walikiacha makusudi ili oili ikiingia ipate pa kutokea. Plagi yake ipo kweli, ila ni ya kufunga unapovuka mto tu alafu ukishavuka unaitoa. Ukikifunga moja kwa moja oili inajaa, flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, inaichota inairusha kwenye pleti ya klachi, pleti inateleza, ndo hiyo kelele unayoisikia mlimani. Yani uvujaji haujaisha, umehamia ndani, na umekula klachi ambayo pengine ilikuwa bado nzima. Inaniuma sana hii kwa sababu nishaiona gari baada ya gari.

Haya, kilichotoka kwenye kifuniko kiangalie na ukinuse. Oili ya injini ni nyeusi, nyepesi kidogo, inanuka moshi. Oili ya gia, EP90, ni nzito na ina harufu kali ya kiberiti, kama yai viza, ukishaijua hiyo harufu huisahau. Rangi usiiamini sana maana vumbi la klachi linaifanya yoyote iwe nyeusi, amini pua. Kama ni majimaji mepesi ambayo hata rangi ya gari inababuka yakigusa, hayo ni ya breki, maana klachi nayo inasukumwa na maji hayo hayo, angalia silinda ndogo ya klachi pale pembeni.

Pua ikikuchanganya, pima. Gari iwe sehemu tambarare na imepoa, jaza oili ya injini mpaka kwenye alama ya stiki, fungua nati ya kujazia ya giaboksi ujaze mpaka ianze kumwagikia nje, subiri iache, funga. Tembea nayo wiki moja bila mzigo alafu pima tena vyote viwili. Giaboksi ya Series III inaingia lita 1.5 tu kwahiyo ikipungua hata kikombe kimoja utaona wazi, na ukiiacha hivyo hivyo gia zitaanza kulia alafu beringi zinafuata.

Kingine, pale oili inapodondokea siyo lazima ndo inapovujia. Gari ikitembea upepo unaisukuma oili nyuma, na kwa vumbi letu hili la Dodoma giaboksi inavaa tope gumu mpaka huoni chochote. Kwahiyo chukua brashi na mafuta ya taa, sugua yote, ikaushe vizuri, alafu nyunyizia poda ile ya mtoto juu ya giaboksi na transfa, ile boksi ya nyuma yake inayogawa nguvu kwenda matairi ya mbele na ya nyuma, mpaka iwe nyeupe. Nenda taratibu mpaka Ihumwa urudi, ingia chini na tochi. Oili itakuwa imechora njia kwenye poda, ifuate mpaka ufike sehemu ya juu kabisa na ya mbele kabisa iliyolowa, hapo ndo chanzo. Ukikuta ni gasketi ya kava la juu au la pembeni, shukuru Mungu, hayo mambo ya nje na giaboksi haishuki. Safisha pia kitundu cha kupumulia cha giaboksi, kikiziba na udongo joto linajenga presha ndani na oili inatafuta njia kwenye sili hata kama sili ni mpya.

Kama chanzo ni kule ndani kwenye chumba cha klachi basi hapo kweli hamna njia ya mkato. Wanaoijua wanatoa viti na sakafu, giaboksi inanyanyuliwa na kutolewa kwa mlangoni. Kazi ni ya siku nzima na zaidi, ndo maana mi nakushauri ukishafungua badilisha sili zote mbili, ya krenki na ya shafti. Ilishakuja hapa 109 kutoka Mpwapwa imefungwa sili ya giaboksi peke yake, siku ya tatu inavuja vilevile, kumbe ilikuwa ya krenki, ikabidi ifunguliwe upya. Pleti ya klachi iliyolowa oili usihangaike kuiosha na petroli, itakusumbua, nunua mpya. Ukirudishia weka EP90 ya daraja la GL-4, imeandikwa kwenye kopo, usikubali GL-5, dawa iliyomo inaweza kuila shaba ya pete za sinkro, zile zinazolainisha gia kuingia.

SWALI: Fundi habari za kazi, nipo Bahi, na mimi nina Series III. Handbreki haishiki kabisa, nimekaza mpaka mwisho. Tatizo nini?

JIBU: Salama ndugu yangu. Acha kukaza kwanza, handbreki ya hiyo gari haipo kwenye matairi, dramu yake ipo nyuma ya transfa kwenye propela, shafti inayopeleka nguvu matairi ya nyuma. Sili ya pale ikivuja oili inaingia kwenye dramu na viatu vya breki vinateleza. Fungua uangalie, vikiwa vimelowa badilisha viatu na sili, na ile flanji ya propela inayozunguka ndani ya sili ipitishe kucha, ikiwa na mfereji pale inapokaa sili basi hata sili mpya itavuja. Alafu pima oili ya transfa, kawaida lita 2.5. Ikiwa imezidi na giaboksi imepungua ujue sili ya katikati yao imekufa, oili inahamia huko nyuma. Mpaka utengeneze, ukipaki kwenye mteremko weka jiwe tairi la mbele na la nyuma.