Kwa mnaorudia hesabu ya form four: nilikula F nikarudi na C, niliyoyaona njiani

Wadogo zangu mnaorudia kama PC (watahiniwa wa kujitegemea) mwaka huu, na nyie wa form three mlioanza kusema "hesabu mi nishaachana nayo", kaeni hapa kidogo. Mimi form four nilimaliza na F ya hesabu, tena F ya uhakika, maana niliandika namba ya mtihani, nikachorachora swali la kwanza na la pili, baada ya hapo nikalaza kichwa kwenye dawati nikisubiri muda uishe. Nikaja kurudia baadaye nikiwa nauza duka la vifaa vya ujenzi, nasolve usiku na mchana wateja wakipungua, nikapata C. Najua sio A, lakini nilikotoka mi najua mwenyewe.

Ile hesabu ya mtaani kwamba division (daraja la matokeo yako) inatafutwa kwa masomo saba bora kwa hiyo somo la hesabu liache, ni kweli ni saba, ila wanaokushauri hawakwambii yanayokuja. Ukitaka PCB (fizikia, kemia, biolojia) unakutana na BAM, yaani Basic Applied Mathematics, hukohuko advance (form five na six), EGM (uchumi, jiografia, hesabu) ndo usiseme, na ukizunguka vyuoni na cheti chako kozi kibao zinaanza na D ya hesabu. Na usijione mjinga peke yako. 2022 waliofaulu hesabu form four walikuwa kama asilimia 20 tu, 2023 ikapanda ikawa kama 25. Yaani darasa zima mnakaa, wanaovuka ni mmoja kwenye wanne au watano.

Sasa kosa langu. Nilivyoanza kurudia nilikimbilia zile topiki zilizonitisha, trigonometria, vekta, duara, nikawa nasoma naelewa kabisa halafu nikijipima napata zero. Nikalipia pindi kwa ticha mmoja mtaani, siku ya kwanza hakufundisha kitu, akaomba daftari langu, akakaa nalo kimya, akaniwekea duara nyekundu sita. Nikidhani makosa sita, kumbe kosa ni moja. Kama hili:

5 − 2(x − 3) = 1

Mi nilikuwa naandika 5 − 2x − 6 = 1, naenda nalo mpaka napata x = −1, niko na amani kabisa. Ile hasi 2 ilitakiwa iingie kwenye mabano izidishe na hasi ya 3, inakuwa +6, ndo unapata 11 − 2x = 1, x ni 5. Nilikuwa na lile kosa tangu form one! Lilikuwa linanifuata kwenye kwadratiki, kwenye matriksi, kwenye mlinganyo wa mstari, kila mahali mi nasema topiki ngumu, kumbe topiki haina shida.

Kwa hiyo wiki tatu nzima ticha alinirudisha kwenye sehemu, namba hasi, kufungua mabano na kuhamisha namba upande wa pili. Nilikuwa naona aibu mtu mzima kusolve 2/3 toa 5/8 nyuma ya risiti za dukani, ila hizo wiki tatu ndo zilizonipa C, zile topiki kubwa zilikuja kukaa juu yake zenyewe. Chukua kaunta buku lako la zamani, tafuta maswali kumi uliyokosa, usiangalie jibu, angalia mstari upi ndo uliharibika. Uwezekano mkubwa utakuta ni makosa mawili matatu yanajirudia.

Kingine ni kiingereza, na hili tunalifichaga. Msingi wengi tumesoma hisabati kwa kiswahili halafu sekondari lugha inageuka, sasa swali la linia programingi linasema "at least 20 bags", mtu anaona "least" anakumbuka "less", anaweka ≤. Kwisha habari yake, grafu anapaka upande usio wake, na hilo linakaa kwenye maswali ya alama 10. "At least" ni kuanzia hapo kwenda juu, ≥. "At most" ndo ≤. "Not less than" ni ≥ tena. Mi niliyaandika kwenye kipande cha boksi nikabandika juu ya mzani wa misumari.

Mpangilio wa mtihani wenyewe ujue kabla hujaingia. Sekisheni A maswali 10 ya alama 6 kila moja, sekisheni B maswali manne ya alama 10, yote unajibu, masaa matatu. D inaanzia 30, C inaanzia 45. Ukigawa muda, swali la alama 6 linakula kama dakika kumi na la alama 10 kama kumi na nane, ukiona umekaa nusu saa na logi moja ujue unaibiwa. Za kuvuna ni takwimu, seti, akaunti, matriksi, hizo hatua zake hazibadilikibadiliki, ila takwimu angalia mpaka wa chini, darasa la 50–59 kwenye fomula ya median unaweka 49.5 na sio 50, wengi wanafia hapo. Na ile ya dunia kama tufe, mji mmoja 5° kusini mwingine 12° kaskazini na wako longitudo moja, unajumlisha inakuwa 17°, mara 60 unapata notiko maili 1020. Wakiwa upande mmoja wa ikweta ndo unatoa. Chora kaduara kadogo pembeni hata kama kabaya, hutakosea.

Na acha kusoma solution kwa macho kama gazeti. Mi nilipoteza miezi hivyo, natingisha kichwa "eeh sawa, sawa", nikifunga kitabu mkono hauendi. Funika jibu, andika, ukikwama funua mstari mmoja tu, funika tena.

Kwenye chumba cha mtihani andika njia yote hata kama mwisho umegoma, alama zinapatikana njiani. Mwaka niliorudia swali la akaunti trial balansi yangu ilikataa kubalansi, nikatamani kukata ukurasa mzima kama zamani, nikauacha hivyohivyo nikahamia swali lingine. Namba ya mtihani niliiandika kila ukurasa, na safari hii sikulala, nilichomoka msimamizi alipokuja kunivuta karatasi.