Ashmead's Kernel: mbona matufaha makali, tena yananyauka?

Swali: Nina mti wa Ashmead's Kernel kwenye kishamba cha kukodi hapa Bristol, Uingereza. Nilichuma katikati ya Septemba. Matunda yalikuwa magumu na makali. Niliyohifadhi kwenye kreti yamenyauka kabla ya Krismasi, na mengine yana vidoa vya kahawia chini ya ganda. Je, niliuziwa mti wa aina nyingine?

Jibu: Sidhani. Hayo yote matatu ni tabia ya tufaha hili la Gloucester, linalopandwa tangu miaka ya 1700 hivi.

Ulichuma mapema mno. Subiri Oktoba, kati ya wiki ya kwanza na ya tatu. Liinue tunda kwa kiganja na ulizungushe kidogo: likiachia pamoja na kikonyo chake, limekomaa. Pasua moja pia. Mbegu zake ziwe za kahawia, si nyeupe. Hata hivyo usilile siku hiyo. Linatoka mtini likiwa na wanga na ukali mwingi. Likikaa ghalani wanga hugeuka sukari na ukali hupungua. Utamu wake kamili, ule wenye harufu ya peremende za peasi, huja Desemba na huendelea hadi Februari. Ukilitoa kwenye baridi, liache mezani saa chache kwanza, maana tunda la baridi halinukii.

Kunyauka kunatokana na ganda lake la kukwaruza, ambalo halina nta ya kutosha kuzuia maji yasitoke. Kreti wazi hailifai. Tia kilo 2 hadi 3 kwenye mfuko wa plastiki, utoboe matundu kadhaa, ukunje mdomo bila kuufunga, uweke penye nyuzi 3 hadi 5 za Selsiasi. Lililochubuka lile kwanza, lisiozeshe mengine.

Vile vidoa si ugonjwa wa kuambukiza: tunda limekosa kalsiamu. Mara nyingi kalsiamu imo udongoni, ila huletwa na maji, na udongo ukikauka haifiki. Mwagilia sana wakati wa ukame, tandaza matandazo yasiyogusa shina, na punguza mbolea ya naitrojeni na ya potasiamu. Usikate matawi mengi kwa mkupuo wakati wa baridi. Machipukizi mapya yenye nguvu huwahi kalsiamu kabla ya matunda. Vidoa vikizidi, nyunyizia mti nitrati ya kalsiamu kuanzia katikati ya Juni, kwa kipimo cha kwenye lebo, jioni jua likiwa limepoa.

Mavuno haba yasikushangaze. Mti huu ni mchoyo, na huhitaji mtufaha wa aina nyingine unaochanua wakati mmoja nao, ulio karibu kiasi cha nyuki kufika.