Jibu: Rangi ya kahawia pekee haitoshi

Mdau wa Moshi, umeuliza kama nitreti ya fedha uliyochanganya na maji ya majani ya mwarobaini, ikageuka kahawia, tayari ni chembe nano, yaani chembe ndogo mno za madini ya fedha. Dalili nzuri, ila pima kwa spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa na kimiminika. Kilele cha ufyonzaji kwa chembe za fedha huwa kati ya nanomita 400 na 450.

Kwenye kupima kama chembe zinaua fangasi ndiko wengi wanateleza. Sahani moja ya Candida (aina ya fangasi) iwekee maji ya majani matupu, nyingine nitreti ya fedha tupu, maana ayoni za fedha (atomu zenye chaji, zilizomo kwenye nitreti hiyo) zenyewe zinaua fangasi. Usipofanya hivyo, utasifia chembe kwa kazi ya ayoni.

Na maji ya bomba achana nayo! Ya kwetu Arusha yanasifika kwa floraidi, lakini hapa mkorofi ni kloraidi: inashika fedha na kukupa tope jeupe. Tumia maji yaliyokenekwa.