Kwanza hesabuni walio langoni

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Chama cha wafanyakazi katika kiwanda cha leo ni msaada au ni mzigo?" Swali si baya. Kilichonichoma ni picha mliyoweka kando yake: pesilipu ya mfanyakazi wa kiwandani, mstari wa makato ya chama umezungushiwa wino mwekundu. Msomaji akiiona picha ile ameshajibiwa kabla hajafikiri. Kwa hiyo naanza na mstari huo, kisha nitasema jambo ambalo hamkuuliza, maana ndilo linaloamua hili mlilouliza.

Makato ya chama hayaingii kwenye pesilipu kwa kificho. Kwa Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya Kenya ya 2007, mfanyakazi hutia sahihi Fomu S, yaani fomu ya kujiunga na kukubali kukatwa ada ya chama, chama huipeleka kwa mwajiri, na mwajiri ana siku 30 za kuanza kukata. Anayetaka kutoka humwandikia mwajiri barua ya kujiondoa, na makato hukoma kuanzia mwezi unaofuata. Barua moja tu yatosha. Kuna pia makato ya aina ya pili, na nahisi ndiyo yaliyo kwenye picha yenu: ada anayokatwa mtu ambaye hakujiunga. Hiyo huhitaji amri ya waziri wa kazi, na sababu yake ni kwamba mkataba wa pamoja, ule wa mishahara na masharti ya kazi kati ya chama na mwajiri, ukishafungwa humfikia kila mfanyakazi wa ngazi inayoruhusiwa kuwa chamani, awe na kadi au asiwe nayo. Anayelalamikia ada hiyo aangalie kwanza mkataba ule ulimwongezea shilingi ngapi.

Kuhusu faida sitakawia. Sheria na amri za mishahara zimeweka kiwango cha chini: likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, ovataimu ya mara moja na nusu siku za kawaida na mara mbili siku ya mapumziko, na anayepunguzwa kazi alipwe angalau siku 15 za mshahara kwa kila mwaka aliotumika. Kupanda juu ya hapo ni kazi ya mkataba wa pamoja, na mkataba wa pamoja haupo pasipo chama. Halafu kuna Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira (sadfa tu kwamba Kifungu cha 41 cha Katiba nacho ndicho kinacholinda haki ya kujiunga na chama na ya kugoma). Kile cha Sheria ya Ajira chasema mtu asifutwe kwa makosa kabla hajaelezwa kosa lake kwa lugha anayoielewa na kusikilizwa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au shopstiwadi, yaani mwakilishi wa chama pale kazini, kando yake. Tofauti yaonekana mle chumbani. Shopstiwadi aliyefundishwa vizuri ataomba tuhuma iandikwe, ataomba daftari la lango la siku hiyo, na hatakubali mwenzake atie sahihi karatasi ambayo nusu yake haijajazwa. Aliyeingia peke yake mara nyingi hutoka ameshasaini barua ya "kuacha kazi kwa hiari".

Sasa lile hamkuuliza: chama kinamhesabu nani?

Chukueni kiwanda kimoja cha plastiki katika eneo la viwanda hapa Nakuru. Sikitaji, na chama chenyewe sikitaji. Waliokuwa wakiingia langoni walikuwa watu 312. Kumi na wawili walikuwa mameneja na wasimamizi, hao hawahesabiwi. Wafanyakazi 128 walikuwa wa kiwanda. Waliobaki, 172, waliletwa na ajensi, yaani kampuni inayowapelekea viwanda wafanyakazi. Kazi yao ilikuwa ile ile ya mitungi ya lita 20, kwenye mashine zile zile na zamu zile zile, lakini mshahara wao ulitoka kwa ajensi, ukiingia kwa M-Pesa kila Jumamosi.

Chama kilitaka kutambuliwa, yaani mwajiri akikubali rasmi kuwa msemaji wa wafanyakazi kwenye majadiliano. Sheria yadai wingi wa kawaida tu, yaani nusu ya wafanyakazi wanaoruhusiwa kujiunga, na mmoja zaidi. Nusu ya 128 ni 64, kwa hiyo zilihitajika fomu 65. Zilikusanywa zamu ya usiku, saa ambayo ofisi ya wafanyakazi imefungwa. Mashine za kupuliza mitungi hazizimwi, hivyo hakuna aliyeweza kuondoka mahali pake. Fomu ndizo zilizopitishwa mkono kwa mkono. Watu walitia sahihi juu ya mgongo wa mtungi uliotoka kwenye moldi ukiwa bado na joto, na karatasi nyingi zilifika ofisi ya chama zimejikunja pembe. Zilikuwa 71.

Mbele ya afisa wa leba, yaani afisa wa serikali wa mambo ya kazi, orodha mbili ziliwekwa sambamba, ya mishahara na ya chama, wakaenda jina kwa jina. Hapa ndipo vyama vingi hukwama, na si kwa hila za mwajiri pekee. Fomu 3 zilikuwa na nambari za kitambulisho zisizolingana na orodha, kwa sababu aliyeandika usiku alipindua tarakimu. Wawili walikuwa wamepandishwa kuwa wasimamizi. Mmoja alikuwa ameacha kazi mwezi uliotangulia. Zikabaki 65 kamili. Ofisi ya wafanyakazi ikatoa barua 9 za kujiondoa chamani, zote zimepigwa chapa siku moja kwa maneno yale yale, na zote tisa zimekosea neno lile lile, zimeandika "najihuzuru" badala ya "najiuzulu" katika mstari wa pili. Chama kikasema barua ya kujiondoa huanza kufanya kazi mwezi unaofuata, na hesabu ni ya siku fomu zilipopelekwa. Afisa akakubali.

Ndipo wakili wa mwajiri akatoa hoja yake ya mwisho. Alisema wafanyakazi wa kiwanda si 128. Ni 300, ukijumlisha wa ajensi. Wingi wa 300 ni 151, nanyi mna 65.

Someni tena hoja hiyo. Mwajiri ambaye kwa miaka alikuwa akisema vijana wa ajensi si wake, kijana akikatwa kidole anaelekezwa kwa ajensi, siku hiyo alisema mbele ya afisa wa serikali kwamba ni wake. Katibu wa tawi alipaswa kuomba neno hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, aombe muda, arudi kukusanya fomu 86 zilizokosekana. Sheria ilikuwa upande wake: Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira chasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, au anayefanya kazi ambayo jumla yake haitarajiwi kwisha kabla ya miezi mitatu, ahesabiwe kuwa wa mkataba wa mwezi. Wengi wa vijana wale walikuwa wamepita mwaka.

Chama kilijibu kinyume. Kilisema hao si wa kiwanda, ni wa ajensi, msiwahesabu. Kwa nini? Kwa sababu 65 kati ya 128 ni ushindi wa leo, na 65 kati ya 300 ni kazi ya miezi mingine mitatu. Kikapata makubaliano ya utambuzi. Watu waliimba langoni jioni ile, na vijana wa ajensi wakipita katikati yao kuingia zamu ya usiku.

Mkataba wa kwanza ulikuwa mzuri, lazima niseme haki. Ulisajiliwa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, maana bila usajili hautekelezeki, ukapandisha mshahara na marupurupu ya nyumba kwa miaka miwili. Kisha kila aliyestaafu au kuhamia kwingine, nafasi yake ilijazwa na ajensi. Hakuna aliyefukuzwa. Hapakuwa na upunguzaji wa kazi, hivyo hapakuwa na ilani ya mwezi mmoja kwa chama wala kwa afisa wa leba, na hapakuwa na cha kupeleka mahakamani. Mkataba wa pili ulipojadiliwa wa kiwanda walikuwa 97. Wa tatu, 61.

Majadiliano ya tatu yalikwama. Chama kilifuata kila hatua sawasawa: kikaripoti mgogoro kwa waziri, msuluhishi akateuliwa, siku 30 za usuluhishi zikaisha bila makubaliano, kikapata cheti cha mgogoro usiosuluhika, kikatoa ilani ya siku 7 kwa maandishi kwa mwajiri na kwa waziri. Mgomo halali kabisa. Siku ya kwanza walitoka watu 58, mashine zikaendelea, malori yakapakia kama kawaida. Siku ya sita walirudi bila mshahara wa siku walizogoma. Sheria yamkataza mwajiri kumfuta mtu kwa mgomo halali, lakini haimlazimishi kulipa siku ambazo hakufanyiwa kazi, na wengi hulijua hilo mwisho wa mwezi.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuandika kwamba anayeita chama mzigo hajui alisemalo. Nimefika hapa siwezi kuliandika hivyo. Kwa vijana 172 wa kiwanda kile, chama kilikuwa mzigo hasa: kilitumia kinywa chake chenyewe kusema wao si wafanyakazi. Na kila nyongeza kiliyowapatia wale 128 iliwafanya wa ajensi waonekane rahisi zaidi kwenye hesabu za mwajiri. Simwondolei mwajiri lawama. Tofauti ya mshahara kati ya watu wawili wa mashine moja ni yeye aliyeichagua, na mahakama ya kazi imeshaonya kwamba ajensi isitumike kukwepa wajibu wa ajira. Lakini mlango alioupitia ulifunguliwa na chama.

Nisilokubali ni ile hoja ya kwamba vyama ndivyo vilivyoua viwanda vyetu. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilisimama 2009, betri za Eveready hapa Nakuru zikaisha 2014, kiwanda cha sukari cha Mumias kikawekwa 2019 chini ya mrasimu, yaani msimamizi aliyewekwa kwa ajili ya wadai. Tafuteni sababu kwenye madeni, mitambo iliyochakaa, bidhaa za bei nafuu kutoka nje na miwa iliyokosekana, mtazipata. Lawama ya vyama hapo ni nyingine. Sheria yampa mwajiri wajibu wa kukitolea chama habari zote zinazohitajika kwa majadiliano, hesabu zikiwemo, na viongozi wengi hawaziombi. Wakipewa hawana mtu wa kuzisoma. Wanaingia chumbani na asilimia waliyoiotea, bila kujua kiwanda kinadaiwa kiasi gani.

Na mashine vivyo hivyo. Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto Kericho. Walioumia na hasira yao nawaelewa. Lakini suala la mashine hujadiliwa kabla haijashushwa kwenye lori: zitakuja ngapi, kwa msimu gani, nani afundishwe kuziendesha, mikono itakayopungua ipelekwe wapi. Hicho ni kipengele cha mkataba wa pamoja. Mashine ikishaanza kazi, kilichobaki kujadiliwa ni malipo ya kuondokea tu.

Basi uamuzi wangu. Chama kinachohesabu wa kiwanda pekee, katika kiwanda ambacho nusu au zaidi ni wa ajensi, ni mzigo hata kwa wanachama wake, kwa sababu kinawapunguza mwaka hadi mwaka. Sikudhani ningeandika sentensi hiyo. Naiwekea masharti: sizungumzii viwanda ambavyo karibu wote ni wa kudumu, wala sizungumzii walimu na wauguzi. Na simaanishi watu wajitoe. Anayejitoa humpa mwajiri ile fomu ya 65. Abaki, adai mambo mawili kwenye mkutano wa tawi: kipengele cha mkataba kinachosema kazi za msingi za kiwanda haziendi kwa ajensi, na kwamba anayefanya kazi hiyo hiyo alipwe hivyo hivyo hata kama ameletwa na ajensi. Viongozi wakikataa, uchaguzi wa vyama huja kila miaka mitano. Na mwenye shaka na makato yake aulizie hesabu zilizokaguliwa ambazo chama hupaswa kumpelekea msajili kila mwaka.

Kwa kijana wa ajensi anayeuliza kama atie sahihi Fomu S, jibu langu ni atie. Ila kabla ya kalamu aangalie jina la mwajiri lililoandikwa juu. Likiwa la kiwanda wakati anayemlipa ni ajensi, fomu yake itaondolewa siku ya kwanza ya hesabu asipokuwa na ushahidi. Aanze sasa kuuweka: ujumbe wa M-Pesa wa kila Jumamosi asiufute, orodha ya zamu inayobandikwa mlangoni aipige picha kila wiki, na jina la msimamizi wa kiwanda anayempa kazi asubuhi aliandike pamoja na tarehe. Jina hilo la mwajiri likiwa la ajensi, fomu ni halali, lakini chama kitahitaji wingi wa watu wa ajensi hiyo, na ajensi hiyo huenda ina watu kwenye viwanda vingine vinne mjini. Amwulize katibu wa tawi ni vingapi, na fomu za huko zimefika ngapi.

Msomaji, Nakuru